Mita Mia na Ishirini

Jumapili, 11 Agosti 2019

Daftari hili ni la kuzalia kondoo. Kurasa za mbele ni namba za masikio, nani kazaa pacha, nani kamkataa mwanawe. Nyuma zimebaki kurasa tupu hamsini na kitu. Zinatosha. Sina wa kumwambia, na nikikaa kimya siku moja zaidi nitapasuka.

Halvard kaondoka. Leo siku ya tisa.

Aliniambia kwa simu. SIMU! Alikuwa ng'ambo ya ghuba, gatini, namsikia yeye na nasikia kivuko kikiteremsha mlango wake wa chuma. Akasema, Ragna, leo sirudi. Nikadhani kachelewa kivuko. Nikamjibu basi chakula nakuachia kwenye oveni. Akasema hapana, hujanielewa, sirudi tena. Yuko kwa Bente, yule mwenye duka la vyakula vya mifugo. Tangu Pasaka, kumbe.

Miaka ishirini na mbili ya ndoa, na kilomita tatu za maji kati yetu wakati wa kuniambia. Chakula kiliungua. Sikukitoa mpaka asubuhi.

Alhamisi, 15 Agosti

Kaja kuchukua vitu vyake nikiwa kazini. Alijua zamu yangu, mjanja. Mimi napika kwenye nyumba ya wazee, na wazee wote wanajua. Bibi wa chumba namba nne alinishika mkono nikimpa supu, akauliza kama kweli. Nikasema kweli. Akasema supu ina chumvi leo.

Kabati la nguo, upande wake — mbao tupu. Kachukua viatu, redio ya jikoni, kile kidude cha kupimia umbali porini. Na kamchukua Pia, mbwa wetu! Pia wangu wa miguu mifupi, tumbo linafagia umande. Hatukujaliwa watoto, tulijaliwa yeye. Mimi ndiye niliyemlea kwa chupa. Lakini karatasi zina jina la Halvard, na cheti cha kufuatia damu ya mnyama aliyejeruhiwa ni cha wawili pamoja, mbwa na Halvard.

Hapo ndipo penye shida. Kikosi cha kuwinda bila mbwa mwenye cheti hakiruhusiwi. Mbwa huyo bondeni kwetu ni mmoja. Mjomba Sjur, kaka yake marehemu mama, ndiye kiongozi wa kikosi. Kanipigia, sauti imemkauka: samahani mwanangu, Halvard lazima abaki kikosini, sheria ni sheria. Kwa hiyo mwaka huu nitawinda kwenye shamba la baba yangu, nikimsikia mume wangu kwenye redio ya mawasiliano ya kikosi.

Kwenye kabati la bunduki kaniachia ile kubwa, thelathini sufuri sita, niliyokuwa nikiitumia miaka yote. Na kijikaratasi. "Itumie tu. H."

Itumie tu! Kana kwamba ni jembe.

Jumamosi, 24 Agosti

Mtihani wa shabaha. Kila mwaka lazima: risasi tano, mita mia, picha ya kulungu, zote tano ndani ya duara. Miaka yote nimepita, wakati mwingine kwa jasho.

Leo tatu ndani, mbili nje. Moja ilipita juu ya mgongo kabisa.

Halvard alikuwa nyuma yangu kwenye foleni. Alipiga baada yangu, tano zote ungezifunika kwa kiganja. Kisha akanisogelea mbele ya watu, mpole, akasema umechoka tu, Ragna, usijali. Ule upole! Heri angenitukana. Nilijikaza kisabuni mpaka kwenye gari. Ndani ya gari nikalia kama mtoto.

Mjomba Sjur akafungua mlango wa pili, akaketi bila kukaribishwa. Ana miaka sabini na minne na kofia yake haivuliwi hata kanisani.

— Unafumba macho, akasema.

— Sifumbi.

— Usinidanganye mimi. Nimekaa pembeni nakutazama wewe, sitazami shabaha. Kabla hujafyatua unafumba. Lini umeanza?

Nikafikiri. Nikasema tangu mwanzo, mjomba.

— Na Halvard hajui?

— Hajawahi kuuliza.

Nikafungua kifungo cha shati nikamwonyesha bega. Kila Septemba huwa hivyo: buluu, kisha kijani, kisha manjano. Bunduki ile inapiga teke kama farasi. Mjomba alitazama mara moja, akageuza uso dirishani. Akaniambia ametazama shabaha zangu miaka yote, na mara zote alikuwa akijiuliza ni nini.

Jumapili, 25 Agosti

Mjomba kaja na mzigo umefungwa blanketi. Bunduki ya marehemu mama, sita nukta tano!

Nilikuwa nimeisahau. Hapana, si kweli. Mama alipofariki nilikuwa bibi harusi wa miezi mitatu, na Halvard akasema ile ni ya kupigia sungura, kulungu anataka kitu kikubwa. Nikampa mjomba aitunze. Sikubisha. Siku zile sikubishia jambo.

Tulikaa mezani na kahawa na mkate wa jibini la kahawia. Nikamuuliza, je, inatosha kweli? Nimesikia miaka yote kwamba haitoshi. Akacheka mpaka akakohoa.

— Mama yako alijaza friza kwa hii. Kulungu hafi kwa kelele, Ragna. Risasi ikipita kwenye mapafu amekwenda, iwe nene au nyembamba. Ikipita tumboni anateseka, hata ukimpiga kwa mzinga. Wanaume wa siku hizi wananunua unene wa risasi ili wasijifunze kulenga.

— Halvard anapiga vizuri.

— Halvard anapiga vizuri. Sikusema Halvard.

Akanieleza: risasi nzito ya sita nukta tano ina nguvu inayotakiwa na sheria kwa kulungu wetu wakubwa, ila haina nguvu ya kuchezea. Mbali sana inachoka. Kwa hiyo nijue mwisho wangu uko wapi, na nisiuvuke. Akaniandikia barua ya kuniazima, tarehe na sahihi, polisi wakiuliza.

Kitako kina mkwaruzo wa pete ya mama. Nimepaka mafuta mara mbili. Haikuhitaji.

Jumanne, 27 Agosti

Nimepita! Tano ndani. Macho wazi. Niliona risasi ikitoboa karatasi — SIJAWAHI kuona kitu hicho maishani mwangu. Miaka ishirini na mbili nikipiga gizani, na nilikuwa naliita giza hilo uwindaji.

Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Nikawaambia kondoo.

Jumamosi, 31 Agosti

Siku ya sahani.

Mama alifanya hivi kila mwaka kabla ya msimu, na mjomba kanikumbusha. Unachukua sahani za karatasi, zile za sherehe za watoto. Sahani moja ni upana wa moyo na mapafu ya kulungu. Unaiweka mita themanini, unakaa vile utakavyokaa kweli, kwenye kibanda cha kuvizia, umevaa jaketi, kiti kinayumba, na unapiga tano. Zikiingia zote, unaisogeza mbali. Zikikataa, hapo ndipo mwisho wako. Si mwisho wa bunduki. Mwisho wako.

Themanini: tano. Mia: tano. Mia na ishirini: tano, moja ikigusa ukingo. Mia na hamsini: tatu.

— Mia na ishirini basi, akasema mjomba. Hata aje kulungu mwenye taji la dhahabu, akisimama mia na thelathini unamtakia asubuhi njema.

— Halvard anapiga mia mbili na hamsini.

— Kila mtu ana umbali wake. Ukiuvuka, hupigi tena. Unajeruhi tu.

Kuna mtu nilimfikiria, amesimama gatini na simu sikioni. Hata kulungu humpigi kwa umbali ule.

Tulipima kwa kamba kutoka kibandani hadi konde la chini, nikapigilia fimbo ya mianzi pale pale mia na ishirini, nikafunga utepe mwekundu wa Krismasi. Mnyama akiwa upande wangu wa fimbo, sawa. Akiwa upande wa pili, hapana. Mjomba kasema nikaombe kile kidude cha kupimia, nusu ni changu. Sitaomba. Kidude kile kitakuwa mezani kwa Bente karibu na chumvi. Kamba haidanganyi.

Jumatano, 11 Septemba

Alfajiri kibandani. Dume mkubwa, pembe kama mti wa kutundikia makoti. Alisimama hatua nyingi nyuma ya fimbo, kama mia na sitini. Robo saa nzima akijikuna. Nikamtakia asubuhi njema.

Redioni Halvard akauliza kuna nini kwako, Ragna. Nikasema hakuna.

Kuisikia sauti yake ikitaja jina langu saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Kama zamani, kitandani, anauliza mvua inanyesha? Nilizima redio. Ni kosa kuzima. Nikaiwasha.

Jumamosi, 21 Septemba

Kugawana nyama kwenye ghala la mjomba. Kikosi kina watano. Madume mawili na ndama mmoja, si haba. Halvard alikuja na Pia. Pia alinirukia mpaka kiunoni, alilia, alinikojolea kiatu. Kila mtu akatazama pengine.

Halvard kakonda. Sweta ile niliifuma mimi. Kiwiko kimetoboka na hakuna aliyekishona. Nilifurahi! Kisha nikasikitika kwamba nimefurahia tundu la kiwiko. Nilikuwa na sindano kwenye mkoba. Sikuitoa.

Akaiona bunduki ya mama. Akasema, hiyo ya sungura? Akicheka, kama utani wetu wa zamani. Mjomba akaweka kisu mezani taratibu, akamwambia, sungura gani, bwana, huyu kapata tano kati ya tano, nenda kamwulize karani wa shabaha. Halvard hakucheka tena. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali ambalo hakulisomea.

Jumanne, 8 Oktoba

Baridi. Theluji imeshika vilele. Nimepika nyama ya kondoo na kabichi sufuria nzima, desturi ya mkono, sufuria ya watu wawili. Nitakula hadi Ijumaa.

Odd-Arne jirani kaanza kupigilia vijiti vya theluji kando ya barabara za mashamba, ili akija na greda wakati wa baridi aijue njia. Nilimpungia mkono kutoka dirishani. Mtu mzuri. Hajaniuliza chochote tangu Agosti. Nampenda kwa hilo.

Jumamosi, 12 Oktoba

Saa tatu asubuhi. Niandike tu.

Nimemjeruhi ndama.

Nilikuwa kibandani tangu kabla ya mwanga. Ukungu chini kondeni, kama maziwa. Saa moja na nusu wakatoka wawili, mama na ndama wake. Wakaja mpaka kwenye fimbo. Niliuona utepe mwekundu, nao upande wangu wa utepe, hatua tatu au nne. Pembeni yao marobota ya nyasi yaliyofungwa plastiki nyeupe, yale ya kando ya njia ya trekta. Ndama kwanza, siku zote. Huwezi kumpiga mama ukamwacha mtoto. Ukimpata ndama na mama akabaki amesimama, ndipo unaweza kufikiri juu ya mama. Nililijua hilo kabla sijajua kusoma.

Ndama akageuka ubavu. Nikalenga nyuma ya bega. Macho wazi. Nikafyatua.

Akaanguka magotini. Akainuka. Mguu wa mbele unaning'inia! Niliuona kwenye darubini, unaning'inia kama soksi kwenye kamba ya nguo. Nikaingiza risasi ya pili lakini mama alikuwa ameshakatiza mbele yake, wakaenda, wakaingia kwenye misonobari chini ya jabali. Mama mbele, anasimama, anangoja. Anasimama, anangoja.

Nikasubiri nusu saa kama inavyotakiwa. Kisha nikateremka nikihesabu hatua. Mia na ishirini — fimbo haipo. Nyasi tupu, na tundu dogo ardhini. Nikaendelea. Mia na hamsini. Mia na themanini. Mia na tisini na nne.

Fimbo yangu. Utepe wangu. Imepigiliwa vizuri kabisa kando ya njia ya trekta, kwenye mstari mmoja na vijiti vya theluji vya Odd-Arne.

Risasi ilichoka ikashuka. Chini, kwenye nyasi, damu nyekundu angavu na kipande cha mfupa. Cheupe, kidogo kama ukucha. Ninacho mfukoni. Sijui kwa nini nimekiokota.

Nilimpigia Odd-Arne. Alikuja na matope mpaka magotini. Akaitazama fimbo, akanitazama mimi. Alidhani ni kijiti chake cha mwaka jana kilichobaki kondeni, akahofia kitaingia kwenye mashine ya kukatia nyasi, basi akakihamisha mahali pake. Alitaka kunisaidia, alisema. Kwa kuwa niko peke yangu. Akavua kofia. Nikamwambia si kosa lako, Odd-Arne. Na si kosa lake! Marobota nayaona kila siku, nayajua yalipo, mbali kupita mia na ishirini. Nilitazama utepe, sikutazama konde. Ukungu usingenidanganya kama nisingetaka kudanganywa. Nilitaka sana leo kuwa mtu aliyepata kitu.

Halafu ikabaki simu.

Mjomba alisema mbwa mwingine mwenye cheti yuko mwendo wa saa mbili na nusu kwa gari, naye yuko kazini kwingine. Ni Pia tu. Akasema, nimpigie mimi, mwanangu? Nikasema hapana. Niliyepiga risasi ndiye anayepiga simu.

Aliyepokea ni Bente.

Sijazungumza naye tangu Agosti. Akasema Halvard anaoga. Nikasema, Bente, nimemjeruhi ndama. Mguu. Nikasikia pumzi yake. Nilijiandaa kwa lolote, kejeli, huruma. Akasema, namtoa sasa hivi, kivuko ni saa tatu na robo, asubiri nini. Nikasikia anagonga mlango kwa ngumi: Halvard! Toka! Pia!

Sikupata hata pa kumchukia leo.

Jioni.

Tumetafuta kutoka saa nne na nusu mpaka giza. Hatukumpata.

Halvard aliteremka kwenye gari na hakusema hata "nilikuambia". Nilimpeleka mahali penyewe. Akapiga goti, akainusa damu, akatoa mkono: mfupa. Sijui alijuaje kwamba ninao. Nikampa. Akaugeuza kidoleni akasema ni wa chini ya mguu, chini kabisa, ataishi siku kadhaa huyu. Ndilo neno baya kuliko yote niliyoyasikia mwaka huu, na mwaka huu nimesikia mengi.

Pia alivalishwa kamba ndefu, pua chini, akabadilika. Si yule wa kunikojolea viatu. Alitupeleka kilomita mbili, akavuka kijito, akarudi, akakivuka tena. Mara tatu tulikuta mahali walipolala. Pawili kila mara: pakubwa na padogo, pamegusana. Padogo pana damu.

Giza likaingia. Sheria inasema kesho turudi. Isingesema, tungerudi vilevile.

Kivuko cha mwisho cha Jumamosi kimekwenda. Alisimama mlangoni pangu kama muuza vitabu. Nikasema ingia basi, Pia ana baridi. Pia alikwenda moja kwa moja kulala chini ya jiko, pake pa siku zote. Halvard naye akakaa kwenye kiti chake bila kufikiri, kisha akafikiri, akahamia kingine.

Tukala kabichi. Iliyobaki ilikuwa ya watu wawili.

Akasema, ungetumia ile kubwa, risasi isingeshuka kiasi kile.

Kweli kidogo. Ile isingechoka mapema hivyo. Nikamwambia ukweli wote, basi: ile kubwa naifumbia macho. Tangu mwaka wa kwanza. Inaniumiza.

— Miaka yote hiyo? Ungeniambia tu, Ragna.

— Ungetazama bega.

Uma wake ulikaa hewani. Mtu huyu alilala ubavuni mwa bega hili. Alilikanda nilipoumwa mgongo. Nadhani leo ndipo alipohesabu Septemba zote.

Akaosha vyombo. Akavifuta, akaviweka mahali pake, mwiko kwenye ndoano yake. Kisha akasema akiwa amenipa kisogo:

— Ragna, nimekuwa nikifikiria. Kule si kama —

Nikasema:

— Kesho. Ndama kwanza.

Nimempa sofa na blanketi la kondoo. Naandika huku namsikia akijigeuza. Sofa ile ni fupi, nalijua hilo, nimelala juu yake wiki kumi, kwa kuwa kitanda ni kipana mno. Na moyo wangu, mpumbavu mkubwa, unataka kujua kule si kama NINI.

Jumapili, 13 Oktoba

Saa tano kasoro. Naandika kwa penseli, nimeketi juu ya jiwe, mgongo kwenye mti.

Tulianza mwanga ulipotosha. Pia alichukua damu ya jana kana kwamba imemwagika sasa hivi. Akatupandisha mpaka kwenye kichaka kizito cha misonobari chini ya jabali, akasimama, mkia mgumu, akatetemeka mwili mzima. Wamo. Wote wawili. Kichaka kina njia moja ya kutokea, ya wanyama, inayopita hapa mbele yangu kwenye uwazi mdogo wa nyasi.

Tukanong'ona. Yeye ataingia na mbwa, mimi nikae mlangoni. Akavua bunduki yake begani akaninyooshea. Ile nyingine, mpya, ya kupigia mbali.

— Chukua hii. Wakitokea juu pale watakuwa mia na hamsini.

— Wakitokea juu pale sipigi. Utamfuata na mbwa tena, na mimi nitakuja nyuma yako, hata mpaka Jumatano.

Akaitundika bunduki yake begani.

— Nikitoka humo, akasema, nataka kukuuliza jambo moja.

— Utaniuliza ukiwa umesimama mbele yangu.

Akaelewa. Uso ulimwiva mpaka masikioni. Mzee wa miaka hamsini na moja, ameshika kamba ya mbwa, anaiva uso kama kijana. Akainama kumfungua Pia kengele iliyonasa manyoya, akakaa pale chini muda mrefu kuliko kengele inavyohitaji. Akasema, kwa sauti ya chini, ile simu... ilikuwa ya woga. Nikasema najua. Nenda.

Akaingia.

Nilifanya hivi: nilitembea kutoka kwenye jiwe hili mpaka kwenye uwazi, nikihesabu. Hatua sitini mpaka katikati. Nikarudi nikihesabu tena. Sitini. Sikuamini fimbo wala utepe wala mtu, nilitumia miguu yangu. Nimeweka alama kwenye ukingo wa mbali, hatua themanini: kofia ya Halvard ya sufu nyekundu. Aliisahau kwenye ndoano Agosti, na asubuhi nilipotoka niliivaa bila kujua. Hata mkono wangu haujaambiwa kwamba kaondoka. Akiuliza ilikuwa wapi nitamwonyesha.

Ndama akivuka kofia, sipigi.

Sijui nitamjibu nini. Nimejaribu majibu yote nikiwa hapa. Njoo. Usije. Njoo, ila sio leo. Kila moja linauma mahali pake. Nikifikiri sana mikono inaanza kutetemeka, na sina ruhusa ya kutetemeka asubuhi hii. Kuna mtoto humo ndani amekaa usiku mzima kwa miguu mitatu kwa sababu yangu.

Bunduki ya mama iko magotini. Mkwaruzo wa pete yake uko chini ya kidole changu.

Kengele ya Pia. Mbali, kulia.

Kimya.

Kengele tena. Sasa anabweka — ile sauti yake nyembamba, ya kuona, si ya kunusa!

Redio. Halvard, anahema: Ragna. Wanakuja kwako. Mama yuko mbele. Ndama anamfuata, taratibu, taratibu sana. Subiri mama apite.

Nitasubiri. Tawi limevunjika. Naweka penseli. Macho wazi